Presha ya maji kupitia Wi-Fi: piga hesabu ya kuchelewa kwanza

Ukiwa kwenye shawa ya instanti ghorofa ya nane saa mbili usiku, maji yakawa ya moto, yakapoa, yakarudi kuwa ya moto, usikimbilie kulaumu shawa. Hesabu sekunde kati ya moto na moto. Zikiwa 22 au 23 kila mara, bila kubadilika, hiyo ni presha inayoyumba. Shawa yenyewe inatumia umeme uleule wakati wote: presha ikishuka, maji yanapita polepole na kuchemka zaidi, ikipanda, yanapita mbio na kupoa. Anayeyumbisha ni kidhibiti cha pampu kule chini, na mara nyingi aliyekifunga hakukosea hesabu ya pampu. Alisahau hesabu ya Wi-Fi.

Mfumo ninaouzungumzia uko kwenye majengo mengi mapya ya Nairobi. Maji ya kanjo au ya bowza yanaingia kwenye tangi la chini. Pampu yenye draivu, yaani kifaa kinachobadilisha kasi ya mota kwa kubadilisha Hz (marudio ya umeme), inayasukuma juu. Bomba linapanda mita 24, na kila mita 10 za kupanda hula karibu bar 1, kwa hiyo bar 2.4 zinaishia njiani kabla hata tone halijatoka. Asubuhi, bomba zote zikiwa wazi, msuguano unakula nyingine 0.5. Ndiyo sababu watu huweka kipima presha kule juu kabisa: mpangaji wa juu ndiye wa kwanza kukosa. Lengo ni bar 1.5 juu. Kuvuta waya ghorofa nane kunaonekana gharama, basi kipimo kinatumwa kwa Wi-Fi ya jengo, mara moja kila sekunde, hadi kwa kidhibiti cha PI kilicho chini, yaani kinachosahihisha kwa kosa la sasa pamoja na jumla ya makosa yaliyopita. Namba nitakazotumia ni za mfano; za jengo lako utazipima mwenyewe.

Kupima ni hivi. Weka draivu kwa mkono, iache 40 Hz hadi presha itulie, kisha ipandishe ghafla hadi 42 Hz. Rekodi presha ya juu kila sekunde 0.2. Rekodi kwa kifaa kilichofungwa kwa waya palepale, wala usitumie zile namba zinazofika chini kupitia mtandao, kwa sababu hapo utachanganya tabia ya bomba na tabia ya ruta na hutajua ipi ni ipi. Badiliko la presha likigawanywa kwa 2 Hz ndiyo geini, K. Muda wa kufika asilimia 63 ya badiliko ndio T. Fanya saa tisa usiku, bomba zote zimefungwa isipokuwa moja au mbili, na urudie saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tuseme umepata K ya 0.2 bar kwa kila Hz na T ya sekunde 7 usiku, na asubuhi K ya 0.1 na T ya sekunde 4.

Mtu akiona K imebadilika maradufu hushtuka. Lakini gawanya K kwa T: usiku 0.029, asubuhi 0.025. Karibu sawa. Sababu yake ni kwamba mwanzoni mwa badiliko, presha inapanda kwa kadiri pampu inavyoongeza maji kwenye tangi la presha (lile lenye puto la hewa ndani), na bomba zilizo wazi hazijapata nafasi ya kusema lolote. Kwa uthabiti wa kitanzi, yaani mzunguko wa kupima na kusahihisha, uwiano huu ndio unaohesabika. Kinachouharibu kwelikweli ni tangi la presha lenye hewa iliyoisha. Puto likipasuka, T inaporomoka, K inabaki palepale, na kidhibiti kilichokuwa kipole kinageuka mkali bila mtu kugusa namba yoyote. Angalia hewa hiyo kabla ya kugusa programu.

Pimeni pia kushuka, kutoka 42 hadi 40. Usiku, bomba zote zikiwa zimefungwa, mara nyingi presha haishuki kabisa! Valvu ya kuzuia maji yasirudi imefunga, na maji yamebaki bombani na presha yao. Kidhibiti kinaona presha iko juu, kinapunguza Hz, hakuna kinachotokea, kinapunguza tena, mpaka pampu inazunguka bure. Mtu akifungua bomba saa kumi alfajiri, pampu iko mbali kabisa na ilipotakiwa kuwa. Hilo halirekebishiki kwa namba za PI. Weka kikomo cha chini cha Hz, zuia jumla ya makosa isiendelee kukua kidhibiti kinapogonga kikomo, na utumie hali ya kulala ambayo draivu nyingi za pampu zinakuja nayo.

Sasa daftari la kuchelewa. Andika kila mahali kipimo kinaposubiri. Kichujio cha kipima presha: sekunde 0.5. Kusubiri zamu ya kutumwa: 0.5 kwa kawaida, 1.0 mbaya zaidi. Hewani: 0.1 mchana, 1.5 jioni wapangaji wote wakiwa wanatazama video kwenye ruta ileile. Kusubiri mzunguko wa kidhibiti: 0.25 au 0.5. Draivu kubadilisha kasi: 0.4 au 0.5, kutegemea umbali wa kwenda. Na pakiti mbili zikipotea mfululizo, ongeza sekunde 2. Siku njema jumla ni 1.75, tuiite 1.8. Siku mbaya ni 6.0.

Fundi anayepima mchana anapata 1.8 na kuendelea nayo. Akitumia kanuni ya SIMC, ile ambayo Sigurd Skogestad aliichapisha mwaka 2003, geini ya kidhibiti ni T iliyogawanywa kwa K mara (τ + θ), ambapo θ ni kuchelewa na τ ni muda wa kujibu unaouchagua. Kawaida τ huwekwa sawa na θ. Kwa asubuhi: 4 ÷ (0.1 × 3.6), yaani Hz 11 kwa kila bar. Muda wa kujumlisha makosa, Ti, ni sekunde 4. Ni kanuni nzuri, naipenda kuliko ya Ziegler na Nichols ya mwaka 1942, ambayo kwa mabomba ya nyumba ni kali mno.

Lakini angalia inachoahidi. Ti ikilingana na T, kinachobaki kwenye kitanzi ni kijumlishi, yaani sehemu inayojumlisha makosa tu, pamoja na kuchelewa, na kasi yake ni 1 ÷ 3.6, yaani 0.28 kwa sekunde. Kitanzi cha namna hiyo huanza kuyumba bila kukoma pale kasi ikizidishwa kwa kuchelewa inapofika 1.57, nusu ya pai. 1.57 × 3.6 ni sekunde 5.65. Daftari letu lilisema jioni ni 6.0. Na muda wa yumbo moja pale mpakani? 6.28 ÷ 0.28, sekunde 22 na ushee. Ndizo zile za shawa.

Kumbuka kanuni hii kwa kichwa: SIMC ikitumika hivi, kitanzi kinavumilia kuchelewa mara 3.14 ya kile ulichokipima. Kama siku mbaya yako ni zaidi ya mara 3 ya siku njema, na Wi-Fi ya jengo hufika hapo bila shida, umeshashindwa kabla ya kuwasha pampu.

Dawa ya kwanza ni kubuni kwa 6.0. Chukua namba za usiku: 7 ÷ (0.2 × 12) ni Hz 2.9 kwa bar, Ti sekunde 7. Kasi inashuka hadi 0.083 na mpaka wa kuchelewa unasogea hadi karibu sekunde 19. Jaribu namba hizohizo asubuhi, K ikiwa 0.1 na T 4: bado thabiti, tena kwa nafasi kubwa zaidi, ila mzito. Na ndiyo bei yake. Mtu wa ghorofa ya nne akifungua bomba, wa juu anaweza kusubiri nusu dakika au zaidi presha irudi. Hakuna anayeungua tena, lakini keateka ataendelea kupigiwa simu.

Kuna wanaopendekeza kitabiri cha Smith cha mwaka 1957, ambacho hubeba mfano wa mtambo ndani yake ili kuondoa kuchelewa kwenye hesabu. Kwa bomba la kiwandani ambalo kuchelewa kwake hakubadiliki, sawa. Kwa Wi-Fi, hapana. Kinataka kujua θ, na θ ndiyo hasa usiyoijua.

Dawa yenyewe ni kutopitisha kitanzi cha haraka kwenye mtandao kabisa. Nunua kipima presha cha pili, cha 0–10 bar chenye 4–20 mA (ishara ya umeme inayopita kwenye waya), kifunge kwenye mdomo wa pampu, na uvute waya mita 2 hadi kwenye draivu. PI iliyo ndani ya draivu ishike presha ya hapo chini. Haina mtandao, kuchelewa kwake ni chini ya sekunde moja, na mtu akifungua bomba pampu inajibu papo hapo. Kitanzi cha pili, cha nje, kinasoma presha ya juu kupitia Wi-Fi na kazi yake ni moja tu: kusogeza lengo la kitanzi cha ndani, polepole, kati ya bar 3.9 na 4.4. Hesabu ya mipaka hiyo: 2.4 za kupanda na 1.5 za lengo ni 3.9, na msuguano wa asubuhi unafikisha 4.4.

Uzuri wake uko kwenye kutojua. Kitanzi cha ndani kikishafanya kazi, bar moja ya ziada chini huwa takriban bar moja juu, usiku au asubuhi, hewa ya tangi iwepo au isiwepo. K iliyokuwa ikibadilika maradufu imefichwa. Kilichobaki kwa kitanzi cha nje ni kufidia msuguano, ambao hubadilika kwa dakika. Basi kijumlishi pekee kinatosha: kila sekunde, sogeza lengo kwa kosa lililogawanywa kwa 30. Mpaka wa kuchelewa: 1.57 × 30, sekunde 47.

Hiyo 47 ni kwa kuchelewa kusikobadilika. Kuchelewa kunakorukaruka kunaweza kuyumbisha kitanzi ambacho kingekuwa thabiti kwa kila thamani moja moja, na hapo ndipo wengi huteleza. Kipimo cha uthabiti cha watafiti Kao na Lincoln cha mwaka 2004 kinasaidia: tafuta kilele cha ω (kasi ya yumbo, radiani kwa sekunde) mara ukubwa wa jibu la kitanzi kilichofungwa, kisha kigeuze, 1 juu yake. Kwa kijumlishi hiki kilele ni karibu 0.035, kwa hiyo kuchelewa kunaruhusiwa kurukaruka hata kwa sekunde 28 juu ya 1.8 ya kawaida. Sisi tunahitaji 4.2. Kile cha kwanza cha Hz 11 kilikuwa kinapewa 2.3 tu.

Upande wa programu, kosa linalojirudia ni kuendelea kujumlisha kosa lilelile wakati hakuna kipimo kipya. Pakiti zikikatika sekunde 20, kidhibiti kinajumlisha kosa la zamani mara 20. Jumlisha pale tu kipimo kipya kinapofika. Kila pakiti ibebe namba ya mfululizo, na yenye namba ndogo kuliko ya mwisho itupwe. Ukitumia TCP, njia ya kutuma inayohakikisha kila pakiti inafika kwa mpangilio, pakiti moja ikikwama zote za nyuma yake zinangoja, kisha zinafika kwa kundi. Soma ya mwisho, tupa nyingine. UDP, inayotuma bila kusubiri uthibitisho, hapa inatosha kabisa, kwa sababu kipimo cha sekunde 5 zilizopita hakina faida kwa mtu yeyote. Na kama ni MQTT, mfumo wa kupitisha ujumbe kwa mada kupitia seva, zima alama ya kuhifadhi ujumbe kwenye mada hiyo. Vinginevyo kidhibiti kikijiunga upya, cha kwanza kupokea kinaweza kuwa presha ya jana usiku, nayo inaonekana mbichi.

Kimya kikizidi sekunde 3, gandisha lengo lilipo. Kikizidi 30, lipeleke hadi 4.1 kwa hatua ya bar 0.05 kwa sekunde na uliache hapo. Stima ikipotea na kurudi, draivu huamka kabla ruta haijamaliza kujiwasha, kwa hiyo hali hii ya kukaa bila mtandao itatokea mara nyingi kuliko unavyodhani, na watu lazima waoge ikiwa hivyohivyo.

Kabla ya kufunga boksi, weka foleni kwenye programu inayochelewesha kila pakiti kwa sekunde 20 na kutupa tatu kati ya kila kumi. Fungua bomba mbili za juu kwa pamoja, subiri dakika mbili, zifunge kwa pamoja. Presha ikivuka lengo zaidi ya mara mbili, geuza 30 iwe 60 na urudie. Kisha chomoa ruta ukutani, fungua bomba tena, na uangalie sindano ya geji ya chini. Haitakiwi kujua kama ruta imechomolewa.