Embe za Bibi juu ya sola ya Ami

Juzi mke wangu kaanika embe za achari darini. Zile mbichi, vipande vinene, zimepakwa chumvi na manjano, na jua hili la kaskazi harufu yake inakufuata mpaka chumbani. Mwanangu wa miaka sita akasimama pembeni anatazama ungo, anatazama sola zetu kule juu, akaniuliza, "Baba, kwa nini mama hakuziweka juu ya sola? Si ndo kunachoma zaidi?"

Nkacheka peke yangu kama mwehu. Mtoto hajui kauliza nini.

Watu wa rika langu hapa Unguja ukiwaambia "wakati wa giza" hawakuulizi giza gani, labda watakuuliza la 2008 au la 2009. La 2008 lilikuwa kama mwezi tu. Hili lengine lilianza tarehe 10 Disemba 2009 likaenda mpaka Machi, miezi mitatu, kisiwa kizima kwa sababu ya waya mmoja wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni kuja Fumba, umetandikwa tokea 1980. Pampu za maji hazivuti, tunapanga foleni kisimani na madumu. Pemba wao walikuwa na majenereta yao Wesha, basi khaloo akipiga simu kutoka Chake anatukejeli, "Njooni mtembee huku mkaone taa!"

Ami, mdogo wake baba, ndo akaja siku moja kutoka Darisalama na sola ya wati 20 kaikumbatia kama mtoto mchanga, na betri kuukuu ya gari. Baba akaitazama akasema kibao cha kuchezea hicho. Yeye alishakopa pesa kanunua kijenereta cha kuvuta kamba, kama nusu ya Jang'ombe nzima, ikifika magharibi vichochoro vyote vinanguruma na moshi wa petroli unaingia mpaka ndani ya chandarua. Ami akikaa barazani anawaambia, "Jua la Mwenyezi Mungu bure, nyie mnanunua moshi." Akachaji simu za mtaa kwa shilingi 300, mie ndo karani wake, nabandika kikaratasi cha jina kwenye kila simu, na usiku anawasha kitivii cheusi na cheupe watu wanakuja kuangalia. Na kusema kweli wiki za mwanzo ilifanya kazi vizuri mno, baba alikasirika.

Sasa Bibi. Bibi kila Januari lazima aanike embe, giza lisiwe giza, Waarabu warudi wasirudi, embe zitaanikwa. Mwaka ule akagundua kwamba kile kioo cha Ami juu ya paa la uani kinachoma kushinda bati. Ami mchana hayupo, yuko Darajani. Basi Bibi anapanda ile ngazi ya mbao na kanga yake kaifunga kiunoni, anazipanga embe pembezoni, moja moja, anaacha katikati wazi. "Katikati nimeliachia jua lake," aliniambia, yaani kafanya uadilifu. Nilipomkuta akanipa kipande chenye pilipili, akanambia usimwambie ami yako, ntazitoa kabla hajarudi. Nkala. Kama kuna rushwa nimewahi kupokea katika maisha yangu ndo ile.

Tarehe 31 Januari, fainali ya Afrika, Misri na Ghana kule Luanda. Uani kwetu pamejaa mpaka watu wamekaa juu ya ndoo, Ami kawatoza kila mtu kidogo. Mpira sufuri sufuri, kipindi cha pili kinaenda ukingoni, picha ikaanza kusinyaa kutoka pembeni kuja kati, mpaka ikabaki nukta nyeupe, halafu hamna. Kimya. Halafu kelele moja hiyo. Ami kapiga magoti kwenye betri anakwangua vichwa vyake kwa kisu, tochi kaing'ata mdomoni, jasho linamchuruzika, na huko nyumba ya pili kwenye redio ya betri tukasikia mtangazaji anapayuka, Gedo wa Misri kafunga, dakika ya 85. Mtu mzima mmoja alitaka kulia wallahi. Wengine wanataka pesa zao.

Ami akapanda juu ya paa. Nkamfuata mpaka nusu ya ngazi. Nilimuona anamulika kioo, tochi inapita polepole, ikasimama. Akapitisha kidole. Akakiinua kidole karibu na mwanga, cha manjano, akakinusa. Halafu akabandua kitu kidogo kilichokauka pembeni ya fremu, akakiweka mdomoni! Akatafuna. Akageuka akanikuta namtazama, na chini Bibi kakaa kwenye mkeka na tasbihi yake hainui hata uso.

Akashuka akawaambia watu, "Betri imechoka." Basi. Akarudisha pesa.

Wiki ya pili akaiuza sola kwa mtu wa Bumbwini na yeye akanunua jenereta. Baba alifurahi wiki nzima.

Miaka mingi niliamini ni embe, na mie na Bibi ndo tuliorudisha moshi nyumbani kwetu. Fundi aliyenifungia hizi zangu alinipa nguvu zaidi, kanambia seli zile zimeungwa kama mnyororo, hata kivuli cha jani moja kinaweza kukubania kioo kizima, sembuse embe mistari miwili. Lakini huyo huyo fundi nilipomtajia betri ya gari akacheka, kasema ile imetengenezwa kupiga stata tu, ukiikamua kila usiku mpaka mwisho inakufa mwenyewe ndani ya miezi, embe zisiwepo. Kwa hiyo pengine Ami alisema kweli. Au alisema uongo, bahati mbaya ukawa kweli. Siku hizi tuna waya mpya tangu 2013, mkubwa kuliko ule, na watu barazani wanazungumzia jua kama vile limekuja juzi.

Bibi keshatangulia, Mungu amrehemu. Ami yuko Maskati. Nilimtumia picha ya ungo wa mke wangu kwa WhatsApp, nkamuuliza, Ami, usiku ule wa Gedo ilikuwa betri kweli?

Kanijibu voisi ya sekunde nne. Anacheka, halafu anauliza kama zimetiwa pilipili.