Gari linalojikojolea: kumbukumbu ya sampo ya giaboksi

"Mwanangu, hilo gari lako linajikojolea."

Bibi mwenye nyumba alinipokea hivyo Jumapili jioni, mwiko mkononi, akinionesha doa uani. Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga, ua ni mdogo, na pale ninapoegesha mimi ndipo anapoanikia yeye vitu vyake. Nikamwambia nitalitengeneza, bibi. Akaguna tu. Ahadi hiyo alishaisikia mwezi uliopita.

Gari ni Mark II GX100 la mwaka 1997, injini ya 1G, giaboksi ya otomatiki. Limenifikia baada ya kupita mikono mingi.

Jumatatu

Doa ni jekundu linaloelekea kahawia. Oili ya injini ingekuwa nyeusi, maji ya AC hayana rangi. Zinabaki mbili: stelingi na giaboksi, kwa kuwa kwenye gari hili zote zinatumia ATF, oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki. Ila mambo ya stelingi yako mbele, na tone langu linaanguka usawa wa rungu la gia. Basi ni giaboksi.

Hapo zamani ningekimbilia kufungua. Safari hii nimelala chini ya gari na brashi, maji na sabuni ya unga, nikaisugua sampo, lile bakuli la bati linaloshika oili chini ya giaboksi, mpaka ikaonesha rangi yake, nikaifuta, nikasubiri ikauke. Kisha nikaipulizia poda ya mtoto pande zote, mpaka juu kwenye sili ya fimbo ya kubadilishia gia, maana oili hushuka na inaweza kukudanganya imeanzia chini. Nikaenda Pongwe na kurudi. Juu poda ilikuwa kavu kama nilivyoiacha. Chini, kwenye ukingo wa sampo upande wa nyuma, imekuwa tope la waridi. Mgonjwa kapatikana.

Jumamosi

Gari juu ya stendi nne, mawe kwenye tairi kwa uhakika zaidi. Tofali la saruji silitaki chini ya gari hata kwa dakika tano. Hubeba vizuri, na likipasuka halikupi taarifa.

Plagi ya kumwagia ni spana namba 14. Oili niliipokea kwenye beseni, nikaimimina kwenye chupa tupu za maji na kuweka alama kwa kalamu. Ilitoka lita mbili na kidogo. Sehemu kubwa hubaki ndani, kwenye konvata inayounganisha injini na giaboksi, kwa hiyo ukijaza kwa kipimo cha giaboksi nzima umeharibu. Kilichotoka ndicho kinachorudi.

Bolti za namba 10 zilitoka zote, sampo ikabaki imeng'ang'ania juu kana kwamba imechomelewa. Silikoni! Aliyefungua kabla yangu aliweka gasketi, kile kizibo chembamba cha gome la koki kati ya sampo na giaboksi, halafu akaizungushia silikoni juu na chini. Sikuchokonoa kwa bisibisi, maana uso wa giaboksi ni aluminiamu na mkwaruzo mmoja ni uvujaji mpya. Niligonga pembeni polepole kwa kipande cha mti hadi ikaachia, ikanimwagia iliyobaki shingoni.

Ndani nilikuta vipande vya silikoni vinaning'inia kama minyoo, na kimoja kilishanasa kwenye chujio. Hicho kilinitisha kuliko tone la uani. Chujio likiziba, oili haifiki, presha inashuka, gia zinaanza kuteleza, na hapo hatuzungumzii gasketi tena. Sumaku za chini ya sampo zilikuwa na uji laini wa kijivu. Huo ni uchakavu wa kawaida. Ningekuta vipande vya chuma, kumbukumbu hii ingeishia hapa.

Jirani yetu, mzee mstaafu aliyetengeneza matrekta ya mashamba ya mkonge miaka mingi, akapita na baiskeli yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lete hiyo sampo."

Akaigeuza mara moja tu. "Hii imekazwa na bega."

Sikumwelewa mpaka alipoilaza kifudifudi juu ya kioo cha dirisha na kuniambia nimulike tochi kwa chini. Mwanga ulipita kila nafasi kati ya tundu na tundu. Bati la kuzunguka kila bolti lilikuwa limevutwa na kutuna, hivyo gasketi inabanwa kwenye matundu, na katikati yake haibanwi na chochote. Fundi akiona bado inavuja anakaza tena, bati linatuna zaidi, linavuja zaidi, ndipo anatafuta silikoni. Gasketi mpya juu ya sampo ile ingekuwa pesa baharini.

Tukaweka ukingo juu ya kipande cha mninga, tukagonga vile vinundu kwa nyundo ndogo, kimoja kimoja, na kurudi kwenye kioo kupima. Saa nzima ilikwenda hapo. Ndiyo kazi yenyewe, mengine yote ni kufungua na kufunga.

Gasketi niliifuata kwa baiskeli, sampo imefungwa kwenye keria, kwa sababu kutaja jina la gari dukani hakutoshi. Mtaa mzima ulidhani nimebeba sinia la pilau. Duka la kwanza gasketi haikulingana na matundu, la pili ikakaa.

Jumapili

Uso wa giaboksi nimeusafisha kwa kipande cha plastiki na kitambaa kisichoacha nyuzi. Chujio limeoshwa, sumaku zimerudi. Gasketi kavu, bila silikoni. Bolti zote kwanza kwa vidole, kisha kwa kuvuka upande huu na ule, raundi tatu. Mzee kaniazima torki spana, ile inayopima nguvu ya kukaza, nikasimamia kwenye Nm 6. Ni kidogo mno, mkono unakuambia bado, na mkono ndio ulioharibu mwanzoni.

ATF ni aina ya Dexron III, inaingia kwa faneli kwenye bomba la dipstiki, kijiti cha kupimia oili. Nikazungusha mjini mpaka ikapata moto, nikaegesha mahali tambarare, injini ikiwaka nikapitisha rungu kila gia na kurudi P, ndipo nikapima. Nilipopima injini imezimwa ilisoma imejaa kupita kiasi, nikakaribia kuipunguza bure.

Wiki moja baadaye

Nimekwenda Muheza na kurudi mara mbili, na kila usiku nimetandika boksi la karatasi chini ya gari. Halina tone. Leo asubuhi nimetoka nalo kazini, niliporudi nikakuta bibi ametandika mkeka pale pale na kuanika makopa yake, mkeka mzima.

"Kumbe pamekauka," akasema.

Nimeegesha barabarani.