Ninavyodhibiti sarafu kwenye seva ya Minecraft hapa Kigoma

Minecraft ni mchezo wa kompyuta wa kuchimba, kujenga na kufanya biashara, na seva ni kompyuta inayowakutanisha wachezaji wengi katika dunia moja. Seva yangu iko kwenye kompyuta ya mezani hapa Mwanga, na wachezaji wake ni vijana wa mjini, Ujiji na Kasulu. Pesa zake za mchezoni zinaendeshwa na EssentialsX, plagini, yaani programu ya nyongeza ya seva. Naeleza ninavyozizuia zisizidi mpaka zikose thamani.

Tenganisha kwanza sarafu zinazozaliwa, zinazokufa na zinazohama. Zinazaliwa kwenye malipo ya kazi, zawadi za kuingia, na duka la seva linaponunua mali ya mchezaji. Zinakufa kwenye ada na kodi zinazofutwa kabisa. Juma akimuuzia Neema upanga kwa 500, hakuna sarafu iliyokufa, imehama mfuko tu. Ndiyo maana soko lililochangamka halikuambii kitu kuhusu wingi wa pesa.

Amri ya /baltop inaonyesha jumla ya pesa zote za seva. Naiandika kila usiku saa ile ile, pamoja na jumla ya saa walizocheza watu wote. Tuseme watu 20 wamecheza saa 2 kila mmoja, na saa moja inazaa sarafu 900: zimezaliwa 36,000. Zikifa 30,000, nimeridhika, maana wageni wanaoingia nao wanahitaji pesa ya kuzungusha. Nalenga vifo viwe asilimia 80 hadi 90 ya vizazi. Ukiua kuliko unavyozalisha, pesa inaadimika na watu wanaanza kulipana kwa almasi. Hapo sarafu yako imeshakataliwa sokoni.

Jumla peke yake haitoshi. Nafuatilia pia bei kwenye maduka ya wachezaji: mkate, chuma vipande 64, almasi, na kitabu cha Mending, uchawi unaotengeneza vifaa vilivyochakaa. Vyote vikipanda pamoja, pesa imezidi. Kikipanda kimoja, hicho kimeadimika, na kuongeza kodi ni kuwaonea watu bure. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, dagaa waliadimika kwa sababu nyavu zilikuwa nchi kavu, shilingi hazikuwa zimeongezeka.

Mahali panapovuja zaidi ni duka la seva. Kabla ya kuweka bei yoyote, fuata kitu hicho kinageuzwa kuwa nini. Gogo moja linatoa mbao 4, na mbao 4 zinatoa vijiti 8. Duka likiuza gogo kwa 10 na kununua kijiti kwa 2, mchezaji anatoa 10 anapokea 16, usiku kucha. Hata ukiacha kununua vijiti, bado kuna mwanakijiji mtengeneza mishale, mhusika anayeendeshwa na mchezo wenyewe, anayetoa zumaridi moja kwa vijiti 32, yaani magogo 4. Ukinunua zumaridi kwa 50 wakati magogo hayo unayauza kwa 40, umefungua tundu lile lile kwa mlango wa nyuma. Na mchezaji akimponya mwanakijiji aliyekuwa zombi, vijiti vinavyodaiwa vinapungua sana. Mimi duka langu halinunui zumaridi kabisa.

Shamba la chuma, mtambo unaozalisha na kuua golemu (majitu ya chuma) wenyewe, nalo ni hatari. Kila golemu akifa anaacha vipande 3 hadi 5 vya chuma, na mwenye shamba amelala. Kila mchezaji nimemwekea kikomo cha mauzo kwa siku, na bei inashuka kadiri anavyouza. Zawadi ya kuanzia natoa chakula na vifaa, si pesa, maana mtu hufungua akaunti kumi akahamishia zote kwa moja.

Kwa upande wa vifo, ada moja kwa wote haifai. Sarafu 50 za kurudi nyumbani papo hapo kwa amri zinamuumiza mwenye 300 na tajiri hazioni. Natumia asilimia 5 ya mauzo, kisha kodi ya ardhi ya kila wiki kwa kila eneo la bloku (vipande vya mraba vinavyojenga dunia ya mchezo) 16 kwa 16: manne ya kwanza bure, yanayofuata yanapanda bei kidogo kidogo. Matajiri ndio wenye viwanja vikubwa, kwa hiyo mzigo unawafuata wenyewe. Wenye mchezo mwingine wa mtandaoni, Old School RuneScape, nao walianza kukata asilimia 1 kwenye soko lao kuu Desemba 2021, na sehemu ya makato hayo hununua vitu na kuvifuta.

Nabadilisha jambo moja tu kwa wakati na kutangaza wiki moja kabla. Shule zikifungwa Juni na Desemba sigusi chochote: saa za kuchezwa zinaongezeka ghafla na kipimo kinadanganya.

Halafu umeme. Minecraft huhifadhi dunia na mabegi ya wachezaji kila baada ya dakika 5, wakati salio la pesa huandikwa mapema zaidi. Umeme ukikatika katikati, aliyeuza almasi anarudi na almasi zake mkononi na malipo mfukoni. Nunua UPS, betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika, na uiwekee programu inayotuma amri ya save-all (kuhifadhi yote) kisha stop (kuzima seva) betri ikifika nusu. Ikitokea umechelewa, rudisha nakala ya dunia pamoja na folda ya salio za wakati ule ule, usirudishe moja peke yake.