Mwalimu wa nasari naye hupata basari: nilivyosomea diploma bila kuacha darasa langu

Niliambiwa na watu wengi, na wengine wananipenda kabisa, kwamba mwalimu aliye kazini hapewi basari, yaani msaada wa karo. "Basari ni ya watoto wa shule, mwanangu. Wewe una wanao, nani atakusomesha?" Si kweli. Nimesomea diploma ya elimu ya awali, sehemu kubwa ya karo ikalipwa na basari ya kaunti na ya CDF (mfuko wa maendeleo wa jimbo la mbunge), na leo namba ya TSC, tume inayosajili walimu, ninayo. Nawaandikia walimu wenzangu wa Lamu, hasa wa vijijini na visiwani, wanaofundisha mwaka baada ya mwaka kwa posho ya wazazi na kila wakiuliza habari za kusoma huvunjwa moyo.

Mimi nafundisha Matondoni, kijiji cha kisiwani Lamu. Nilianza kwa C ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na mafunzo mafupi ya hapa na pale, nikakabidhiwa PP1 na PP2, madarasa mawili ya nasari, chumba kimoja. Kazi naipenda mno, lakini mapenzi hayakuandikishi kazi. Katiba ya 2010 iliweka elimu ya awali chini ya kaunti, kwa hiyo mwajiri ni kaunti. Lakini sheria ya TSC ya 2012 inasema mtu asifundishe bila kusajiliwa. Bodi ya kaunti ikitangaza nafasi, huulizwa cheti na namba. Huna, unabaki na posho yako.

Nilipotafuta fomu ya basari mara ya kwanza, jamaa mmoja aliyejulikana mtaani kwa kujaza fomu za watu alinishikilia: "Andika huna kazi. Ukiandika mwalimu watasema una mshahara." Akanijazia yeye. Mahali pa chuo akaandika jina tu, kwa kuwa barua ya kukubaliwa, alisema, ingekuja baadaye. Kipato: hakuna. Sababu ya kuomba: umaskini. Nikaipeleka, nikangoja. Majina yalipobandikwa langu halikuwamo. Nilipokwenda kuuliza, karani aliifungua fomu akaisoma mbele yangu, kisha akaniuliza, bila ubaya, "Bi, wewe ni nani hasa katika fomu hii? Mwanafunzi hujasajiliwa, kazi huna, mzazi hakutia sahihi. Kamati ingempa nani?" Maneno yale yalinichoma, lakini ndiyo yaliyonifungua macho. Mwanamke niliyekuwa nikimficha, yule anayesimama mbele ya watoto arubaini na ushei kila asubuhi, ndiye kamati ingetaka kumsaidia.

Basi nikaanza upya kwa njia yangu. Kwanza nilitafuta chuo kinachofundisha wakati wa likizo za shule, Aprili, Agosti na Disemba, ili nisiliache darasa. Nikakipata Malindi. Hili msilikubalie mjadala: ukiacha kazi ili usome, unapoteza posho na unapoteza ushahidi wako pia.

Halafu jambo ambalo hakuna aliyeniambia, na ndilo ninalojivunia. Kamati humwonea huruma mwenye deni kuliko mwenye ndoto. Mwenye barua ya kukubaliwa peke yake huenda asiende. Mwenye namba ya chuo na salio la karo tayari yumo. Kwa hiyo sikungoja basari ndipo nianze. Nilikusanya pesa za mikeka niliyosuka na mama, zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana pesa wa akina mama ikajazia, nikalipa kiasi cha kuniingiza darasani, kama robo ya muhula hivi. Nilipokuwa hapo likizo ya kwanza nikamwomba mhasibu wa chuo karatasi mbili: mchanganuo wa karo wenye muhuri, na barua ya salio yenye jina langu, namba yangu ya uanafunzi na akaunti ya benki ya chuo. Akaunti hiyo ni lazima, kwa kuwa hundi huandikwa kwa jina la chuo, si jina lako.

Palipobaki pagumu ni sehemu ya mzazi au mlezi. Mimi ni mama wa watoto, nitaandika mlezi gani? Wengine walisema nimwandike mume wangu, wengine niache wazi. Nikaandika mama yangu mzazi, kwani yu hai na ndiye mzazi wangu kweli. Alitia dole gumba mbele ya chifu, na chifu akathibitisha pale pale. Imamu wa msikiti wetu akatia sahihi sehemu ya kiongozi wa dini. Hakuna aliyeuliza swali tena.

Na kwenye kipato niliandika ukweli: mwalimu wa nasari, posho ya wazazi, haina kiwango. Sina hati ya mshahara, basi mwenyekiti wa kamati ya shule akaniandikia barua ya ukurasa mmoja: nimefundisha tangu lini, watoto wangapi, wazazi wanachanga nini, na kwamba shule haina mwalimu mwingine aliyesomea. Nikaambatisha nakala ya rejista ya mahudhurio ya watoto. Walimu, msiache rejista nyumbani! Nilipovuka kwenda Mokowe, kwenye ofisi za kaunti, kupeleka fomu, afisa aliipita barua ya chifu haraka, lakini rejista aliifunua ukurasa kwa ukurasa.

Nilipata ya kaunti. Haikutosha yote, na CDF niliomba kwa karatasi zilezile nikiwa nimepunguza salio, nao wakaongeza. Hundi ya kwanza ilichelewa hadi chuo kikataka kunizuia mtihani. Nilipiga picha orodha ya majina iliyobandikwa, nikaomba barua ofisi ya wadi kuthibitisha kuwa pesa zinakuja, chuo kikaniruhusu kuufanya. Omba barua hiyo siku ileile unapoona jina lako, usingoje kutishwa.

Nauli ndiyo hakuna basari inayoilipa. Basi la Mokowe hadi Malindi hupita Witu na Garsen, safari ni ndefu, na barabara ile mnaijua kwa ukaguzi na misafara ya polisi. Mikeka iliendelea kulipa nauli. Mwenye alama ya chini ya yangu asivunjike moyo; aulize chuo ngazi inayomfaa.

Mitihani ya KNEC, baraza la mitihani la taifa, nilipita. Kusajiliwa TSC kulikuwa kwepesi, kwa mtandao: vyeti, kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya kodi), picha, fomu ya daktari, cheti cha tabia njema cha polisi, na ada ya elfu moja na kidogo. Cheti cha tabia njema nacho kina gharama karibu hiyohiyo na alama za vidole ndizo huchukua muda, basi anzeni nacho.

Nafasi za kaunti nimeomba, sijaitwa bado. Walimu wawili wa kijijini wameshaanza chuo, mmoja ana barua ya salio mkononi. Nakala ya ile barua ya mwenyekiti ninayo. Anayeihitaji kama kielelezo anijie shuleni saa sita, watoto wakishatoka.