Usiku wa Kuwasindikiza, Kyoto

Tarehe 15 Agosti nilipanda Shinkansen, treni ya mwendokasi, kutoka Tokyo kwenda Kyoto. Ni mwendo wa saa mbili na robo hivi, ila stesheni ilikuwa imefurika watu, mabegi na maboksi ya zawadi. Sisi wa Kilimanjaro tungeielewa hali ile bila kuelezwa, maana ndivyo stendi inavyokuwa Desemba tukienda Moshi. Ilikuwa Obon, siku ambazo roho za marehemu hurudi nyumbani, nao walio hai husafiri kwenda kuzipokea.

Nilifikia kwa mama mjane, mzazi wa rafiki yangu. Sebuleni palikuwa na butsudan, kabati dogo la mbao ambalo ndilo madhabahu ya ukoo, na kando yake picha ya marehemu mumewe. Kila kilichopikwa, yeye alipakuliwa kwanza.

Siku ya pili jioni, tukiwa mezani, mama akaniambia: "Konban, otōsan o okurimasu." Kitenzi okuru nilikuwa nacho daftarini tangu miezi ya mwanzo ya masomo: kutuma. Kutuma barua, kutuma mzigo. Nikatafsiri kichwani: leo usiku tunamtuma baba. Anatumwa wapi? Nikauliza. Mama akaweka vijiti chini, akaenda mlangoni, akaigiza mtu anayetoka na mgeni wake, anatembea naye hatua chache, kisha anainama na kubaki amesimama mpaka mgeni apotee machoni.

Kusindikiza! Mwili ulinisisimka. Kwetu mgeni haachwi atoke peke yake, na hapa hata wafu hawaachwi. Wenzangu mnaosoma Kijapani, kamusi mnayo, lakini ombeni pia kukaribishwa majumbani mwa watu.

Tukaenda ukingoni mwa mto Kamo. Saa 2:00 usiku moto wa kuzisindikiza roho ukawaka mlima Daimonji, mafungu 75 ya kuni, yakachora herufi 大, yaani "kubwa". Ni miongoni mwa herufi za kwanza kabisa tulizofundishwa, mistari mitatu tu. Pale mlimani mstari mrefu kuliko yote una mita 160. Milima mingine minne huwashwa kwa zamu ndani ya dakika 20, mmoja una umbo la meli, mwingine lango la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, ila tulipokuwa tuliuona huo wa Daimonji tu. Unatosha. Umati wote ulinyamaza. Mama alifumba mikono, akainama, midomo ikicheza bila sauti. Sikumtazama zaidi. Moto ulipofifia tulirudi kwa miguu, naye hakusema neno mpaka nyumbani.

Asubuhi nilifunga begi langu. Nilipomshukuru na kuanza kuvaa viatu, nikamkuta naye anavaa vyake.

"Eki made okurimasu," akasema. Nitakusindikiza hadi stesheni.