Na kirikuu la matunda mabovu, Mabibo mpaka Chanika

Saa kumi na moja alfajiri nipo Mabibo, pale soko la Mahakama ya Ndizi, nimebanana na dereva kwenye kirikuu, nyuma tumepakia mapipa sita ya mapapai yaliyooza, matikiti yaliyopasuka na ndizi zilizoiva mpaka zimekuwa uji. Mi nafuga kuku, ninao 150 hivi, na kilichonipeleka huko ni dagaa. Dagaa wa kuchanganyia chakula wamepanda bei mpaka basi, afu ukifungua gunia unakuta nusu mchanga. Kwa hiyo naenda kuona funza wanaofugwa kwa taka za matunda kama hizi, ambao kuku wanawala badala ya dagaa.

Foleni ya Buguruni ikatukamata jua limeshatoka, maji ya matikiti yanachuruzika barabarani, bodaboda anatupita huku ameziba pua na anatutukana, dereva wala hana habari anakula chapati yake. Kufika Pugu malori ya taka yanakata kwenda dampo la Kinyamwezi, sisi tukanyoosha Chanika. Mzigo ni uleule tu, sema wao wanaenda kuumwaga.

Shambani tumepokelewa na mama mmoja mstaafu. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, haya vaa glavu. Nilijua naenda kuonyeshwa funza, kumbe saa nzima ya kwanza ni kuchambua taka, mifuko, kamba za katani, vizibo vya soda, na kandambili moja ya kushoto sijui mwenzake yuko wapi. Mama anasema hapo ndo biashara ilipo, funza wanajilea wenyewe, taka safi ndo shida, ndo maana vijana wa sokoni anawapa chochote wamtengee matunda kabla hayajachanganywa na uchafu mwingine. Na mi mwaka jana nilinunua pdf ya "utajiri wa funza" mtandaoni, kurasa 40, hamna hata mstari mmoja unaosema hilo!

Basi akanipeleka kwenye banda la neti. Humo ndo wamo wazazi wa hao funza, inzi askari weusi, wafugaji wanawaita BSF, kifupi cha jina lao la Kiingereza black soldier fly, wembamba kama nyigu, na wakishakua hawali, kwa hiyo hutamkuta ametua kwenye ugali wako. Kazi yao kupandana, kutaga na kufa. Jike anataga mayai mamia kwenye upenyo, mama kafunga vibao viwili viwili kwa lastiki kaviweka juu ya beseni linalonuka, nikaona mayai yamejipanga katikati, madogo kuliko punje za mchele. Siku kama nne yameanguliwa, wanalelewa kidogo kwa chakula laini, ndo wanamwagwa kwenye taka, na wiki mbili hivi unawavuna.

Akanambia weka mkono. Nikaweka, aisee, pana moto! Funza wakila kwa wingi wanatoa joto lao wenyewe, na ukiinamisha sikio unasikia kama mafuta yanachemka kwa mbali. Matikiti lazima achanganye na pumba la sivyo inakuwa supu, funza wanapanda kuta wanatoroka. Maganda ya ndizi wanayala kwa kujivuta sababu yana nyuzi nyingi. Yanayobaki ni mbolea, anawauzia wakulima wa mchicha, na kwa maneno yake hiyo mbolea ndo inalipa kirikuu.

Nimenunua kilo mbili wabichi, wazima wazima, kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa. Kosa langu, sikuwaza kwamba daladala ina joto, ndoo ikatoa jasho ndani, na hawa wadudu ukuta ukilowa tu wanapanda. Kabla hata ya Gongo la Mboto dada wa siti ya mbele ananiuliza "kaka, wali wako unatembea?" Konda akataka kunishusha, abiria wengine wanacheka, mi naokota mmoja mmoja chini ya siti.

Nyumbani nikamwaga nusu bandani. Kuku wakarudi nyuma wote, wananitazama mimi. Afu tetea mmoja, yule mwenye kilema cha mguu, akasogea akadonoa. Ndoo nimeirudia baada ya dakika kumi.