Nisubiri Bismini

"Nisubiri Bismini, saa nane," babu aliniambia, akachukua fimbo yake akatoka. Ilikuwa mwaka 1993, nina miaka 12, simu ya mkononi hatujaiona, na kwa babu kuuliza mara mbili ni utovu wa adabu. Nikapanda daladala Magomeni hadi Posta, katikati ya Dar es Salaam, huko nitauliza.

Muuza magazeti hakuijua Bismini. Fundi viatu akasema labda ni duka, nikajaribu Mnara wa Saa. Nikashika Samora, nikampita yule askari wa shaba na bunduki yake, jua linaniwakia utosini.

Mnarani niliwakuta wazee wawili wanakunywa kahawa. Mmoja alicheka mpaka kikombe kikamwagika.

"Umempita, mjukuu wangu! Si yule mwenye bunduki?"

Akaniambia, huku anatafuna kashata, kwamba zamani palikuwa na sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana. Watu wa mjini wakalitafuna jina lake, likatoka Bismini. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 sanamu ikang'olewa. Askari akasimamishwa 1927, jina akalirithi.

Nilirudi mbio. Babu alikuwa kivulini, kofia mkononi, kanuna.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Saa tisa hii."

Nikajitetea kwa hadithi ile ile ya mzee wa kahawa. Nilingoja nigombezwe, hakunigombeza. Alinishika bega tukavuka barabara hadi kwenye sanamu, akaninyooshea kidole penye maandishi ya Kiswahili (ya herufi za Kiarabu na ya Kiingereza yapo pia). "Soma. Macho yangu hayafiki."

Nikasoma kwa sauti, magari yanatuzunguka. Wanatajwa askari Waafrika waliopigana Vita Kuu, na wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Wanaahidiwa kwamba hata wakifa, wana wao watayakumbuka majina yao. Baba yake babu alichukuliwa upagazi katika vita hiyo. Hakurudi.

"Maisha yangu yote najua Bismini ndiye huyu," babu alisema, akigonga jiwe kwa fimbo. "Kumbe namwita Mjerumani."

Tukaenda kununua viatu vyangu vya shule, vikanibana, sikuthubutu kusema.

Wiki iliyofuata akaniagiza tena mjini. "Nisubiri pale kwa mpagazi," akasema. Hiyo sikuhitaji kumuuliza mtu.